Maharage ya Sajini Asadu

Sajini Asadu Marjan hakuwa mtu wa kula maharage. Askari wenzake, katika gereza dogo lililokuwa nje kidogo ya mji wa Mbale, walilijua hilo na hawakumkaribisha tena walipopika. Alikuwa amesimamia wafungwa wakipanga foleni mbele ya pipa la maharage na posho, ule ugali wa mahindi, tangu alipovaa sare, na kwake hicho kilikuwa chakula cha mtu aliyehukumiwa.

Mkewe alikuwa amefariki na watoto walikuwa na nyumba zao. Asubuhi alikula mkate mweupe uliopakwa siagi nene, na chai tamu kama asali. Mchana akiwa langoni alishushia biskuti kwa soda. Jioni alifungua kopo la nyama, au alinunua chipsi kwenye kibanda cha barabarani. Hakukuwa na moto wa kuwasha wala sufuria ya kusugua.

Mwaka 1996 alianza kusikia kiu isiyokatika. Macho yakaingia ukungu. Kisha buti likamchubua kidole cha mguu wa kushoto, na kile kidonda, badala ya kukauka, kikazidi kuchimba. Daktari alimwambia ni kisukari, akampa vidonge na akamtaka aache soda, mkate mweupe na vitu vya kopo. Asadu alimeza vidonge. Ushauri mwingine aliuacha palepale hospitali.

Habari zilimfikia dada yake mdogo, Nulu, huko Walukuba, Jinja, alikokuwa akiuza chai na mandazi kwa watu waliobaki katika nyumba za wafanyakazi wa viwanda vilivyokwisha kufungwa. Nulu alifunga kibanda chake, akapanda basi kwenda Mbale na mfuko wa unga wa mtama magotini. Alimkuta kaka yake amekaa kitandani, mguu umefungwa bendeji, na chupa tupu za soda zimepangwa ukutani kama gwaride.

Siku hiyo hiyo alipika maharage kwa kitunguu na nyanya, na mboga za dodo, yaani mchicha, pembeni. Asadu alitazama sahani, akaisukuma taratibu.

"Nulu, mimi si mfungwa," alisema.

Nulu akamkumbusha maneno ya daktari. Asadu akasema jambo ambalo dada yake hakulitegemea.

"Unakumbuka miaka ile ya magendo? Mama alikuwa akitafuta sukari ya kutia kwenye uji na haipatikani. Sukari ilikuwa ya wakubwa. Sasa iko tele dukani, na mimi nina mshahara wangu, ndipo mnaniambia niache."

Nulu mwenyewe aliikumbuka ile miaka vizuri. Aliondoa sahani, akala chakula hicho yeye mwenyewe jioni. Kesho yake alipika tena, na Asadu akaagiza chipsi. Ilikwenda hivyo karibu wiki nzima. Nulu alikasirika, akalia jikoni, akafikiria kurudi Jinja. Milly, mke wa askari jirani, ndiye aliyemtuliza. Alimletea malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani ambayo Wagisu wa huko hupika kwa karanga, akamwambia asichoke.

Ijumaa, mfungwa mmoja aliyekaribia kumaliza kifungo chake, jina lake Ouma, aliletwa kupasua kuni katika nyumba za askari. Alipomaliza, Nulu alimwekea chakula uani: maharage, malewa ya karanga, na kisira, ule mkate mwembamba wa mtama uliochachuliwa ambao Wanubi kama yeye huuoka juu ya kikaango. Asadu alikuwa kwenye kiti mlangoni, mguu juu ya kigoda.

Ouma alikula polepole, kichwa kimeinama. Alikunja kisira, akachovya, akafumba macho kidogo. Asadu alimtazama muda mrefu, kisha akamuuliza kama maharage ya ndani hayajamchosha.

"Afande, haya si yale," Ouma alijibu. "Yale ya ndani nakula nisife. Haya ni kama ya nyumbani kwetu."

Ouma aliporudishwa gerezani, Asadu aliomba sahani. Nulu alimpakulia bila kumtazama usoni, akihofia kumwaibisha. Kaka yake alimega kisira, akasema kwa sauti ya chini kwamba mama yao alikuwa akikichachua zaidi ya hivi. Kisha akamaliza chakula chote.

Hakubadilika kwa siku moja. Mara mbili Nulu alikuta biskuti chini ya mto, na wakagombana. Kidole kilikuwa kimeharibika mno, daktari akakikata. Lakini mguu ulipona, macho yakasafika, na baada ya miezi michache Asadu alirudi langoni akiwa mwembamba kiasi cha kuhitaji mkanda mpya.

Alipostaafu alihamia Walukuba kwa dada yake. Nulu aliendelea kuuza chai, ila mandazi aliyapunguza, akaongeza maharage, kisira na mboga. Wateja wengine walihama, wakafuata mkate na soda kwingine. Wengine walibaki, hasa vijana wa boda boda, ambao walisema wakila kwa Nulu hawasikii njaa mpaka jioni. Asadu alikaa pembeni akichambua maharage kwenye ungo, miwani puani, akitoa mawe moja moja. Mtu akiuliza mbona afande mzima anafanya kazi ya jikoni, alimvutia benchi na kumuuliza kama amekula.