Mizinga Iliyofunguliwa Mchana

Filimu ile inachukua karibu saa nzima, na ndani yake hamna bunduki hata moja. Kuna ukungu juu ya mlima Kahuzi, kuna migomba, kuna mikono ya baba mdogo ikisuka mianzi, na kuna sauti ya mwanaume, nzito na ya taratibu kama ya padiri siku ya Ijumaa Kuu, inayosema kwa Kifaransa kwamba huku kwetu mwanadamu na maumbile bado wanaishi kwa mapatano ya zamani. Mapatano! Niliposikia neno lile nilitaka kucheka, halafu nikataka kuvua kiatu nirushe. Siku zile picha zinapigwa, nyumba mbili za jirani hazikuwa na mabati, yalikuwa yamebebwa na basoda, askari wa vita ya kwanza ya huku kwetu. Kamera ilifika pale ikageuzwa upande. Nilikuwapo, niliiona ikigeuzwa.

Nieleze vizuri, maana watu wa Bukavu wanapenda kusimulia habari hii, na kila mmoja anaongeza chumvi yake.

Baba mdogo, mdogo wake baba yangu, alikuwa na shamba mlimani upande wa Lwiro. Alifuga nyuki tangu ujana wake, kwa mizinga ya kizamani: mianzi iliyosukwa, ikapakwa mavi ya ng'ombe, ikavishwa majani makavu ya migomba. Asali ile ndiyo ilinisomesha mimi baada ya baba yangu kufa. Wengine walitundika mizinga yao mbali na nyumba, kama mtu mwenye akili. Yeye aliitundika kwenye miti ya ua wake, kuzunguka nyumba yote, na miwili juu kabisa ya mlango wa ua. Alisema ni kwa ajili ya wezi wa mbuzi. Mkewe, mama mdogo, alimlalamikia miaka ishirini. Hakuna nguo iliyoanikwa pale bila mtu kuumwa. "Ulioa mimi ao ulioa nyuki?" ndivyo alivyozoea kumuuliza, na mzee anacheka tu.

Kisha ikaja vita ya kwanza. Basoda waliokuwa wakikimbia walipanda mlima ule nyumba kwa nyumba. Walipofika kwa baba mdogo, mmoja wao akagonga mlango wa ua kwa kitako cha bunduki. Mungu ni mkubwa! Walishuka bondeni wanapiga kelele, wameacha godoro la watu, mbuzi wa watu, na kofia moja. Mama mdogo alitoka jikoni akapiga magoti mbele ya mizinga, yeye mwenyewe aliyekuwa anaitukana asubuhi. Tangu siku ile, habari zikiwa mbaya, majirani walileta binti zao walale kwake. Hakuna aliyetangaza jambo hilo. Kila mtu pale alijua kwamba ulinzi wa mlima ule ni nyuki.

Na nyuki wana taratibu zao. Baba mdogo alifungua mzinga jioni tu, jua likishazama, nyuki wakiwa wametulia. Alifungua peke yake, na moshi kidogo, na alikata upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa wa wenyewe. Wakati wa kiangazi, maua yakiwa haba, hakufungua kabisa, labda mmoja kama kuna mgonjwa anayehitaji asali. Mimi nilijua haya yote tangu utoto. Nasisitiza kwamba nilijua.

Wapiga picha walikuja mwaka ule wa katikati, kati ya vita ya kwanza na ya pili, tulipojidanganya kwamba yamekwisha. Walikuwa watatu, wametoka Ubelgiji. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule moja mjini, umri thelathini na kitu, nimechoka na chaki, nimechoka na mvua inayoingia darasani. Padiri mmoja aliwaelekeza kwangu: huyu madame anajua Kifaransa na anajua Mashi, lugha ya mlimani, na baba yake mdogo ana mizinga. Siku ya kwanza tu ndani ya gari, mkubwa wao akasema, kama mtu anayewatupia kuku mahindi, kwamba huenda watahitaji mtu kama mimi kule Brussels, kusaidia kutafsiri wakati wa kuunganisha filimu. Huenda. Neno hilo moja lilinitosha. Kuanzia pale hata shetani ningemtafsiria.

Jioni ya kwanza baba mdogo akakubali kuwavunjia sheria kidogo, ingawa kilikuwa kiangazi, kwa heshima ya wageni, akafungua mzinga mmoja jua lilipozama. Picha ikatoka nyeusi. Mkubwa wao akapiga ulimi: haionekani kitu, tunataka jua la saa sita, tunataka asali ing'ae. Asubuhi wakamkalisha mzee kwenye kigoda chake, kamera inanasa picha na sauti, wakaniambia nimuulize kama atafungua mchana. Nikamuuliza. Alijibu kwa Mashi, polepole, akionyesha mizinga kwa kidole:

"Hapana. Mchana wenye nyumba wako macho na wako kazini. Ukiwafungulia mchana, na kiangazi hiki, watapigana, watachoka, watahama. Na wakihama, nani atawalinda watoto wa watu wanaolala hapa? Mwambie mgeni wako apige picha mizinga ikiwa imefungwa. Imefungwa hivyo hivyo ni mizuri."

"Anasema nini?" mkubwa wao akauliza.

Nikasema kwa Kifaransa: "Anasema nyuki ni kama watoto wake, na anafurahi ulimwengu uwaone."

Ningependa kusema ulimi uliteleza. Haukuteleza. Nilikitengeneza kile kisentensi kichwani mwangu mzee akiwa bado anaongea, na nilikiona kizuri. Mzungu alifurahi sana. "Magnifique," akasema, akaandika kwenye kikaratasi chake.

Kisha nikamvuta mzee kando, nyuma ya zizi la mbuzi. Nikamwambia: "Baba mudogo, hawa batu nimewaleta mimi. Wakirudia kwao bila picha, aibu ni yangu. Na wako tayari kunipeleka Ulaya."

Akaniangalia. "Ni juu yako? Ni wewe unaomba?"

"Ni juu yangu."

"Basi," akasema. Kwetu mtoto wa kaka aliyekufa hanyimwi kitu, hasa mbele ya wageni. Nililijua hilo pia, na ndipo nilipompiga.

Walichukua siku tatu. Saa sita mchana, jua kali, mzinga baada ya mzinga. "Encore, papa! Encore une fois!" Tena, mzee, mara moja tena. Shika sega juu zaidi, geuka huku, acha asali idondoke. Moshi mwingi, kwa sababu moshi unapendeza kwenye picha. Walitaka kila sega, pande zote mbili, hata yale yenye watoto wa nyuki, meupe, yakatupwa chini kwenye vumbi na kuku wakayala. Jicho moja la mzee lilivimba likafumba kwa kuumwa, wakamwomba ageuze uso upande wa jicho zima. Mizinga saba ilifunguliwa. Mama mdogo alisimama mlangoni pa jikoni, mikono kichwani. "Ule muzee amepata wazimu? Jameni, ni nini hii?"

Jioni, tukiwa tunakula, alimuuliza mbele yangu: "Ni nani alikuambia ufungue muchana?"

Baba mdogo hakunitazama. "Ni miye mwenyewe. Nilitaka bazungu baone."

Mimi nilikuwa nakula maharagwe. Nikaendelea kula.

Nyuki hawakungoja mwezi uishe. Walitoka makundi kwa makundi, wakaning'inia kidogo kwenye mikaratusi, wakashika njia ya pori. Ikabaki mizinga miwili ya nyuma, kando ya choo, mahali ambapo mwizi hapiti. Baba mdogo alipaka nta mpya ndani ya mizinga mitupu, akangoja, na mlango wa ua ukabaki mlango tu. Na Brussels? Hawakuniandikia hata kadi ya Noeli.

Vita ya pili ikaanza. Wenye silaha walifika kwa baba mdogo alasiri, wakafungua mlango wa ua kwa mkono, kama watu wanaorudi kwao. Ndani kulikuwa na binti wanne wa majirani, walioletwa kwa mazoea yale yale. Sitaandika zaidi ya hapo. Wako hai, wana watoto, mmoja huniuzia nyanya soko la Kadutu na hunisalimia vizuri, na salamu zake zinaniumiza kuliko matusi. Baba mdogo alibebeshwa gunia la maharagwe yake mwenyewe, akaelekezwa porini. Siku ya tatu wanawake waliokwenda kutafuta kuni walimkuta njiani. Mgongo wake haukuwa wa kubeba gunia tena, na wale hawakuwa na subira na mzee anayekaa chini.

Mama mdogo hakulia mazishini. Alisema, na watu wengi wakasikia: "Alipenda sifa. Alituuza juu ya picha." Wanawake wakamshika mabega, wakamwambia nyamaza mama, sasa yeye ni wa Mungu. Akasema Mungu amsikilize mwenyewe, yeye hana la kumwombea. Na kweli hakumwombea. Mjane wa kwetu asiyeomba misa ya mumewe ni habari ya kunong'onwa parokia nzima. Padiri alimwita mara mbili. Novemba, wakati majina ya marehemu yanasomwa, la baba mdogo halikusomwa, na mama mdogo aliketi wima, midomo imefungwa, na mimi nimeketi kando yake na kitabu changu cha nyimbo.

Nilikuwa nimemleta kwangu mjini. Nilimpa kitanda changu, mimi nikalala kwenye mkeka. Nyama ilipopatikana nilimpakulia yeye kwanza. Watu walinisifu. "Wewe ni mutoto muzuri," walisema, "batoto ya leo hawafanye hivi." Mama mdogo mwenyewe aliniita mutoto wangu, asubuhi na jioni. Kila mara nilijiambia nitamweleza kesho. Kesho ile niliipeleka mbele miaka miwili.

Kisha kaseti ya filimu ile ikafika. Padiri akaona ni jambo zuri watu waone kitu cha kwetu kisicho vita, akaipanga Jumapili baada ya misa ya mwisho, kwenye sali, ule ukumbi wa parokia, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, jenereta inanguruma nje. Sikumwambia mama mdogo. Jirani akamwambia. Akavaa libaya yake ya Pasaka. "Nataka nione sura yake tu," akasema, "sura haina kosa." Nikajituliza. Kifaransa haelewi, kusoma hajui, na maneno yale ya mzee lazima wameyakata. Nani anaacha maneno marefu ya Mashi ndani ya filimu ya wazungu?

Waliyaacha. Tena yote.

Mwanzoni mama mdogo alicheka kidogo alipoona kofia ya mumewe. Kisha mzee akaketi kwenye kigoda, na ile sauti ya Kifaransa ikanyamaza kumpisha. Sauti yake mwenyewe ikajaa sali nzima: hapana, watahama, nani atawalinda watoto wa watu. Chini yake, kwa herufi nyeupe, kisentensi changu kizuri. Wengi mle ndani walijua lugha zote mbili. Kwanza mtu akakohoa. Mwingine akasema "Eh!" Halafu nikasikia viti vinalia, watu wanageuka kunitafuta kwenye giza lile. Mama mdogo hakugeuka. Aliendelea kumwangalia mumewe akiumwa jicho, sega juu, na sauti nzito imerudi inaeleza mapatano ya zamani.

Mablanketi yalipotolewa madirishani, akaniuliza, akiwa bado ameketi: "Ule muzungu, alikuwa anaongea na yeye kupitia nani?"

"Kupitia miye, mama mudogo."

"Na ulimuambia vile alisema?"

"Hapana."

Watu walikuwa wamesimama kutuzunguka, hakuna aliyejifanya kuondoka. Nilingoja anipige makofi, na nawaambia ukweli, niliyatamani. Hakuinua mkono. Alisema kwa sauti ya chini, ya mtu anayetafuta kitu alichopoteza: "Miaka mbili. Miaka mbili sikumuombea hata misa moja. Nilikasirikia mutu mwenye kufa juu ya kosa yako. Na ulikuwa unanipa nyama."

Usiku ule alilala kwa jirani. Asubuhi akatuma mtu achukue vitenge vyake. Akaenda parokiani peke yake, akaandikisha jina la mumewe, na misa ikapangwa Alhamisi, ile ya saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna aliyenialika. Nilikwenda, nikakaa benchi la nyuma pamoja na wanaochelewa. Jina la baba mdogo lilisomwa, na mama mdogo akalia hatimaye, kilio kizima, cha mjane wa siku ya kwanza, hata padiri akasimama kidogo kumngoja.

Misa ilipoisha alisimama mlangoni kuwashukuru watu, kama desturi. Niliingia kwenye mstari. Sikuwa na la kusema, nilitaka tu anifokee. Zamu yangu ilipofika alinipa mkono kama alivyowapa wengine wote, akasema, "Aksanti kwa kufika, madame," kisha akamgeukia aliyekuwa nyuma yangu.