Nilivyotoza Mbwa wa Spring Valley Bei ya Mbuzi

Shida zangu zilianza mwaka wa sabini na nane, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alipofariki nami nikaacha shule nikaenda kuchunga mbuzi wa wafanyabiashara karibu na machinjio ya Dagoretti. Nayasema haya mapema mjue kwamba aibu hii haikumpata mjinga. Ilimpata mtu anayejua mifugo kuliko hao wenye digrii ukutani, na bado nilichekwa hadi masikio yakatoka jasho.

Uzeeni nilianza kazi ya kulinda nyumba za matajiri wakisafiri, pamoja na wanyama wao (watu hawa mbwa analala kitandani, shangazi akija kutoka mashambani anaongeleshwa akiwa nje ya geti). Mteja wa kwanza alikuwa Madam Lorna wa Spring Valley, aliyekuwa akienda ng'ambo miezi miwili na kumwacha mbwa wake, Duchi, akiwa na mimba kubwa.

"Mzee, unatoza vipi?"

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Badala ya kufikiri nikampa bei ya mbuzi: kichwa kimoja, siku moja, hela ya sahani ya githeri, mahindi na maharagwe tu. Na nyumba je, akauliza. Nyumba haili, nikamwambia, hiyo ni bure.

"Sawa kabisa," akasema, haraka hivyo. Tajiri akikubali bei kabla hujamaliza kuitaja, jua umejiibia.

Mke wangu alinitazama kwa huruma. "Baba Njoroge, shampuu ya huyo mbwa ni ghali kuliko wewe." Nikamwambia anyamaze, hajui biashara, kwa sababu mimi nilikuwa na siri yangu: kule machinjioni malipo ya mchungaji yalikuwa madogo makusudi, maana mbuzi akizaa mikononi mwako unachagua mtoto mmoja, wako, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Nikamwahidi kwamba mtoto mmoja wa Duchi, nikimuuza, ndiye atakayeezeka chumba chetu cha tatu cha kupangisha.

Duchi akazaa sita. Nilimzalisha mwenyewe, magoti juu ya kapeti nyeupe (niliyoiosha kutwa nzima, bure, si nyumba haili?), kisha nikachagua dume aliyenona kuwashinda wenzake, nikachemsha wembe, nikamkata alama ndogo kwenye ncha ya sikio kama tunavyowatia mbuzi. Hata hakulia sana.

Madam aliporudi aliwaita marafiki zake Jumapili waje kuchukua watoto wa mbwa, wote walikuwa wameshalipiwa, jambo ambalo mimi sikulijua. Nikafika nimevaa suti, na kikapu mkononi. Wageni walikuwa kwenye nyasi na glasi zao, Madam akiwainua mbwa mmoja mmoja kama mchungaji wa kanisa anayebariki watoto, hadi akamfikia wangu.

"Jamani, hili sikio limefanya nini?"

Nikasimama, sauti ya kiume. "Usishtuke, Madam. Hiyo ni alama yangu. Huyo ni wangu."

Mzee mwenzangu mmoja, mtu mzima na kaptura, akauliza, "Wako kivipi?" Nikaeleza desturi yote, mbuzi, machinjio, mchungaji. Kicheko kilichotoka hapo! Msichana mmoja akainua simu, "Guka," akaniita kama babu yake, "rudia hiyo ya mbuzi nirekodi!"

Madam hakucheka. "Mzee, umekata mali ya watu."

"Mali ambayo nimeilinda kwa bei ya githeri!"

"Lakini hiyo bei," akasema yule wa kaptura, "si uliitaja mwenyewe?"

Nikajifanya natengeneza kifungo cha suti.

Aliyemlipia alimkataa, hataki mbwa mwenye pengo. Madam akamtia kikapuni mwangu. "Mchukue. Na malipo yako ndiyo hayo." Nikatoka getini na suti yangu bila senti, wakipiga makofi. Nilijaribu kumuuza Dagoretti Corner, na kila aliyeona sikio aliniuliza nilimwiba wapi.

Juzi Madam alipiga simu, anasafiri tena. Nikamtajia bei ya mbwa, na bei ya nyumba, na bei ya mbwa akizaa, kila moja peke yake.

"Mzee! Na si ulisema nyumba haili?"

"Siku hizi inakula, Madam."

Alibishana karibu saa nzima. Ndipo nikajua sasa bei ni ya haki.

Leo nina ploti moja Dagoretti, vyumba vitatu vya kupangisha, vyote vina mabati (ya cha tatu yametoka kwa malipo ya mwanzo ya Madam), ng'ombe wawili, suti moja, na mbwa mmoja mwenye pengo sikioni. Huyo siuzi.