Belti Iliyomngoja Dobrica

Nevena alikuwa ameshaomba kwa upole, akaomba kwa utani, akaomba kwa kununa. Siku hiyo aliomba huku akimenya pilipili hoho zilizochomwa, vidole vimekuwa vyekundu hadi kwenye kucha.

"Baba Iskra, belti."

"Nimesikia." Vidoje, mumewe, alikuwa akigeuza pilipili nyingine juu ya jiko la kuni uani. "Dobrica amesema ataibadilisha Alhamisi."

"Alhamisi ya mwaka gani?"

Vidoje akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomchosha Nevena kuliko belti yenyewe.

Gari lao dogo la kijani walilinunua likiwa tayari zee, kabla mtoto hajazaliwa. Mita yake ilionyesha kilomita chache za kutia aibu, lakini nani angeiamini? Mjini kwao kurudisha mita nyuma kabla ya kuuza gari ni kama kumchana nywele bibi harusi kabla hajatoka nje. Belti ya taimingi ilibadilishwa lini, hakuna aliyejua. Nevena aliuliza kila aliyemwona na spana mkononi, na wote walimwambia yale yale: usihesabu kilomita peke yake, hesabu na miaka, maana belti ni mpira, na mpira huzeeka hata gari likilala. Ukinunua gari kuukuu na hujui, badilisha. Ikikatika njiani, vali na pistoni zinagongana, na injini inakuwa chuma chakavu. Tena haitoi onyo. Haipigi kelele, haivuji.

Na Ijumaa walikuwa na safari. Iskra, binti yao wa miaka minne, alikuwa anakwenda mji wa Niš kuwekewa vifaa vya kumsaidia kusikia. Walikuwa wakiingoja nafasi hiyo tangu theluji ya mwaka jana. Basi la kwanza lingewafikisha wamechelewa, na aliyechelewa anarudi mwisho wa foleni. Barabara inapita kwenye korongo, mwamba huku, mto kule, mahandaki katikati. Nevena akifumba macho aliliona gari limezima ndani ya handaki.

Kwa nini basi wasiende kwa fundi mwingine? Hilo hata Vidoje hakucheka alipoulizwa. Dobrica ndiye aliyewasimamia ndoa. Ndiye aliyemsimamia Iskra ubatizo na kumkata nywele za kwanza. Huyo kwao ni zaidi ya ndugu wa damu, na ndugu wa namna hiyo akiwa fundi, gari lako haliguswi na mkono mwingine. Ni kumtemea mate mbele ya watu. Kwa hiyo kila walipolipeleka, Dobrica alifungua boneti, akainama, akasikiliza. "Linaimba!" Akafunga boneti, akaleta chupa ya rakija, ile pombe kali ya matunda. Vidoje akarudi nyumbani kwa miguu, uso umenawiri kwa pombe, gari akalifuata kesho yake, belti ile ile.

Alhamisi Nevena alimfunga Iskra mkanda kwenye kiti chake, akaendesha mwenyewe mpaka kwa Dobrica. Alimkuta amevaa aproni, anakoroga sufuria kubwa ya pilipili zilizosagwa.

"Shemeji! Njoo uonje, sema kama chumvi imetosha."

"Nimeleta gari, shemeji. Leo ndiyo Alhamisi."

"Leo? Unaona hii sufuria? Nikiacha kukoroga inaungua, na mke wangu atanizika humo humo. Wiki ijayo, nakuapia."

"Kesho tunakwenda Niš na mtoto."

"Nendeni salama! Gari hilo litatuzika sote."

Iskra alikuwa akiwatazama midomo, mmoja baada ya mwingine, kichwa kimeinama upande kama kawaida yake. Nevena akambeba mtoto. Hakuaga. Alirudi garini, akavuka daraja, akaingia kwenye gereji ya fundi mwingine, Stanimir.

Stanimir alilitazama gari, kisha barabara, kama mtu aliyeletewa mali ya wizi.

"Wewe si wa kwa Dobrica?"

"Mimi ni mama wa huyu mtoto. Fungua."

Akafungua kifuniko. Belti ilikuwa na nyufa kama kisigino kisichojua mafuta. Stanimir aliikunja kidogo kwa kidole, akaiachia upesi. "Mama, na hii ulikuwa unakwenda nayo wapi?"

Kabla Nevena hajajibu, sauti ilishafika mlangoni. Dobrica alikuwa ameliona gari likivuka daraja, akampitia Vidoje, akaja na aproni yake, miguuni ndara za ndani, na nyuma yake Vidoje akihema.

"Weka spana chini!" Dobrica akamfokea Stanimir. "Gari la mtoto wangu wa ubatizo hulishiki!"

"Basi lishike wewe," Nevena akasema. "Lishike, shemeji! Nani amekuzuia mwaka mzima?"

Dobrica akageukia Vidoje. "Mwambie mkeo asinipigie kelele mbele ya huyu."

"Mama Iskra, usi—"

"Na wewe nyamaza!"

Dobrica akavua aproni, akamsukuma Stanimir kwa bega, akaingia chini ya boneti, kwenye gereji ya mwenziwe na kwa vyombo vya mwenziwe. Aliitazama belti, akapitisha kidole kwenye nyufa. Kisha akanyoosha mkono bila kugeuka. "Nipe mpya. Na pampu ya maji. Na kile kirola cha kukazia belti, usinipe cha takataka."

"Mimi siuzi takataka," Stanimir akasema, akaenda kuvileta.

Walifanya kazi pamoja hadi jioni, wakitukanana. Mmoja alisema belti imekaza mno, mwingine akasema imelegea, wakageuza injini kwa mkono, wakafungua tena. Kule ng'ambo pilipili ziliungua, harufu ikafika hadi darajani. Dobrica hakumsemesha Nevena, na Nevena hakuomba radhi. Alikaa juu ya tairi kuukuu, Iskra amemlalia mapajani, akisubiri ufunguo.

Ijumaa walipita korongoni alfajiri, wakafika kliniki kabla milango haijafunguliwa. Vidoje akazima injini, akajinyoosha, akapigapiga usukani.

"Unaona? Nilikwambia hili gari litafika tu."

Nevena akafungua mdomo. Mlango wa kliniki ukafunguliwa, nesi akaita jina la Iskra. Iskra hakusikia. Nevena akafunga mdomo, akamshika mwanawe mkono, wakaingia.