Wikendi Chini ya Mapaa Mawili

Ukiniuliza njia ya kutoka mtoni hadi sokoni kule Hoi An, nitakuelekeza bila kusita, ingawa pasipoti yangu haijagongwa hata muhuri mmoja. Unaacha maji upande wa kulia, unafuata kuta za manjano zenye alama za mafuriko ya zamani, unapita mafundi wa nguo waliopangana mlango kwa mlango, halafu unakata kushoto. Mji huo niliusoma kwenye simu nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu hapa Homa Bay, mguu ukikanyaga, ziwa likimetameta nyuma ya vibanda vya samaki. Kuna siku nilimaliza sketi tatu za shule na sikumbuki kuzishona. Mikono ilikuwa hapa, mimi nilikuwa Vietnam.

Binti yangu anafundisha Kiingereza Da Nang, mji mkubwa ulio jirani na Hoi An, yeye na mume wake. Walipatana walipokuwa wanafunzi wa chuo kule Rongo. Kijana ni Mkuria wa kule Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Walioana, na miezi michache baadaye wakapanda ndege, sasa ni mwaka wa tatu. Ningewatembelea mwezi wa nne kwa wiki mbili, na katikati ya wiki hizo tulipanga wikendi moja ya sisi watatu, Ijumaa hadi Jumapili, katika mji huo wa kale.

Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa nafunga mlango, navua viatu, nangoja simu. Binti yangu alinitembeza. Jumamosi asubuhi tungevuka daraja la mbao lenye paa. Mchana tungekula tambi ambazo maji yake, ati, sharti yatoke kisima kimoja tu.

"Kisima kimoja mji mzima?" nilimwuliza. "Hao watu wanapenda foleni."

"Mum, wewe utalalamika hadi peponi."

Jioni tungekaa kando ya mto tutazame taa za karatasi zikielea. Mimi nilichotaka hasa ni wale mafundi. Wanasema wanashona suti kwa siku moja. Nilitaka kuingia duka moja kimya kimya, nishike koti, nilipindue nione mishono ya ndani, kwa maana nje kila mtu anajua kudanganya. Nilishajiona nimesimama pale, fundi mwenzangu ananitazama nikitazama kazi yake, na wote wawili tunajua kinachoendelea.

Nilizaliwa Kendu Bay, na huenda ndiyo sababu mji ule ulinikaa moyoni upesi. Nikifumba macho, milango yake ya mbao ilikuwa ile ya maduka ya Wahindi ya utoto wangu, yale ya vitambaa, na mto wao ukawa na harufu ya ziwa letu. Nililala nao, nikaamka nao. Wateja walinisemesha mara mbili ndipo nikaitika.

Lakini niseme ukweli. Tulizungumza sana kuhusu Hoi An kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo hatukulizungumza. Mwaka uliotangulia binti yangu alipoteza mimba ya miezi sita. Alinipigia siku ya tatu, akaniambia, "Mum, haikukaa." Nilikuwa na mkasi mkononi. Nilimwuliza nani yuko naye, akasema yuko sawa. Wakati huo sikuwa na pasipoti wala sikujua hata inaombwa wapi. Sijawahi kujiona mama bure kama siku ile. Safari hii yote, pamoja na taa zake na tambi zake, mimi nilikuwa naenda kumshika mtoto wangu.

Sasa, kwetu Waluo mama halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Kwa Wakuria ni hivyo hivyo, pengine wametushinda. Kwa siku zile nyingine ningelala kwa mwalimu mwenzao, dada mmoja Mkisii anayekaa ghorofa jirani. Wikendi ndiyo ilikuwa na shida. Mkwe wangu akaahidi kuitafutia njia, lakini aliahidi kupitia kwa mke wake, kwa maana miaka yote hiyo hakuwahi kunipigia simu. Arusini hakunitazama usoni. Nilijivuna naye mbele ya wanawake wenzangu kanisani: mkwe wangu ana adabu, hata sauti yake siijui.

Akapata nyumba. Ilikuwa ya kale, nyembamba na ndefu, chumba cha mbele kinatazama barabara, kisha ua wazi wenye mtungi mkubwa na maua, kisha chumba cha nyuma. Mapaa mawili, na anga katikati. Yeye angelala mbele, sisi wawili nyuma. Niliipenda mno. Nilikaa katika ua ule kila siku, nikinywa chai, binti yangu amelaza kichwa mapajani pangu, na juu yetu mbingu tu.

Kisha ikaja picha nyingine, iliyopigwa kutoka upande. Ukutani mwa ua kulikuwa na ujia mwembamba uliofunikwa vigae, unaotoka chumba cha mbele hadi cha nyuma. Nikaufuata kwa kidole.

"Haya mapaa yameshikana," nikamwambia.

"Mum, hiyo ni ya kuzuia mvua tu."

"Na paa ni ya nini? Si ni ya kuzuia mvua?"

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo hiyo ni nyumba moja. Nyinyi endeni Hoi An, mimi mniache kwa huyo dada Mkisii."

Akasema polepole, "Basi wacha tu. Usikuje." Akakata simu.

Jumapili iliyofuata hakupiga. Ya pili pia hakupiga. Nami ni mkaidi, sikupiga. Nilikanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika mara nne asubuhi moja. Mji wangu ukafifia. Nikijaribu kwenda sokoni, nilipotea njia.

Jumatano nilipokuwa napima mteja mabega, simu ikalia kwa namba ya Vietnam.

"Mama, ni mimi. Samahani kwa kukupigia."

Sauti nzito, isiyo na haraka. Nilijua ni yeye kwa sababu ndiyo sauti pekee ya nyumba ile nisiyoijua. Nikamwomba mteja anisamehe, nikatoka nje nikasimama wima, kana kwamba ananiona.

"Sikupigii juu ya nyumba," akasema. "Mimi naweza lala mahali pengine, hiyo si shida. Ni yeye. Tangu ile siku ya mtoto halali vizuri. Husema akiwa karibu na wewe atalala. Nilitafuta hiyo nyumba ndio mkuwe karibu."

"Alikuwa na nani siku ile?"

"Na mimi."

"Nani mwingine?"

"Hakuna, Mama. Nilimkanda na maji moto. Niliangalia kwa simu vile wamama hufanya. Uji nilipika ya mchele, unga ya wimbi haikuwa. Ile ya kwanza iliungua." Akapumua. "Mtoto nilimwona peke yangu. Yeye aliogopa kuangalia. Alikuwa msichana. Wakaniletea karatasi nisaini, nikasaini."

"Mbona hukuniita?"

"Ningeanzia wapi, Mama, kukuambia mambo ya mwili ya mtoto wako? Niliona nitakuwa nimekukosea heshima."

Nikaegemea ukuta. Ile adabu niliyojivunia kanisani ndiyo iliyonifungia nje, na kijana wa watu ikamfungia ndani, na uji ulioungua. Nilikuwa nimehesabu vigae vya ua wa watu wa mbali, na sikuwahi hata mara moja kufikiria usiku wake. Nilimlilia binti yangu mwaka mzima. Yeye sikumlilia.

"Na wewe," nikamwuliza, "wewe ulipikiwa na nani?"

"Hakuna mtu ameniuliza hiyo, Mama."

Kisha nikamsikia analia. Kwa desturi ningepaswa kukata simu, kwa kuwa mkwe halii mbele ya mama wa mkewe. Sikuikata. Nilisimama pale juani, mteja ananingoja ndani na futi ya kupimia shingoni, nikamsikiliza mpaka alipomaliza.

Nikamwambia alipie nyumba ile ile, na asiende kulala mahali pengine. Nikamwambia Ijumaa jioni tukifika nitapika mimi, na tutakula pamoja, na sahani ya kwanza nitampakulia yeye.