Suruali Niliyoisukumia Chini ya Rundo

Shuleni kwetu Temeke mie ndiye niliyekuwa fundi wa kuchagua suruali. Sijisifu, ulizeni walimu wenzangu. Mwanamke akitaka suruali ya mtumba ya kusafiria, ile ya kukaa nayo kwenye basi kutwa nzima na kushuka nayo msibani bila kuonekana kalala nayo, alinifuata mie Ijumaa saa ya chai, na Jumamosi tukaingia soko la Tandika.

Aliyenitangaza ni shoga yangu, mwalimu wa hisabati. Miaka kumi na mbili yule mwanamke hakununua suruali bila shingo yake kupita mikononi mwangu. Maana sokoni hakuna chumba cha kujaribia, watu wanapima kwa shingo. Unafunga kifungo, unazungusha kiuno cha suruali shingoni, na ncha zikikutana kisogoni bila kuvuta, basi kiunoni itakutosha. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili wengi hawana habari nayo. Unaivaa palepale chini ya khanga, unachutama, kisha unanyanyua goti juu kama mtu anayedandia nyuma ya fuso. Ikikubana mapajani, irudishe, hata iwe nzuri vipi. Shoga yangu alikuwaga anachutama huku kanishika bega, tunacheka mpaka muuzaji anatufukuza.

Basi mwaka ulipoanza tukaletewa mwalimu mgeni. Binti mpole, katoka Singida, shikamoo haimkauki mdomoni. Akapanga chumba kwenye nyumba ileile anayokaa shoga yangu. Wakawa wanakuja wote asubuhi na kuondoka wote jioni, chanda na pete. Saa ya chai shoga yangu alikuwa akifungua kopo lake la chapati, mbili zake na mbili zangu, miaka yote hiyo. Sasa yangu ikawa moja na nyingine ya mgeni. Chekeni tu, lakini ile chapati iliniuma. Mie mtu mzima, nywele zinaanza mvi, nimekaa ofisi ya walimu namwangalia mtoto wa watu anatafuna chapati yangu! Kilikuwa kijiba cha roho, nasema bila kuzunguka.

Ikaja likizo ya Pasaka. Walimu wanawake tukakubaliana kwenda Morogoro, tupande milima ya Uluguru, tulale, turudi. Mgeni akanifuata nje ya darasa langu.

"Dada, shikamoo. Mie sijawahi kuvaa suruali tangu nizaliwe, kanisani kwetu ilikuwa mwiko. Jirani yangu kasema hakuna anayejua suruali kama wewe. Naomba unisaidie."

"Marahaba. Yeye mwenyewe haji?"

"Jumamosi anafua. Lakini kaniahidi tutapanda wote mlimani, hataniacha nyuma."

Loh! Nilitabasamu mpaka mashavu yakachoka. Hayo maneno ya kutoniacha nyuma alikuwa akiniambia mie.

Jumamosi tulifika Tandika belo la mitumba ndiyo kwanza limefunguliwa. Nikatumbukiza mikono, na haikupita dakika tano nikaipata ya kwangu, ya kijivu, kitambaa chepesi kinachokauka upesi, lastiki kiunoni kwa nyuma, mifuko yenye zipu, na miguu unaikunja na kuifunga kwa kifungo chini ya goti. Suruali ya kupandia mlima hiyo, na juu yake ukivaa gauni refu unaingia nayo hata kwenye kikao cha wazazi. Nikaendelea kuchambua. Mkono ukagusa kitambaa kilekile. Ilikuwa ya rangi ya udongo, ndogo, na sikuhitaji shingo ya mtu kujua itamtosha nani.

Mgeni alikuwa amegeuka, anatazama mablauzi. Nikaisukuma kwa kiwiko mpaka chini kabisa ya rundo, juu yake nikaburuta makoti mawili mazito. Kisha nikavuta jinzi moja, nzito, imenyooka, ina nakshi za uzi mwekundu mifukoni.

"Mdogo wangu, hii imekungoja wewe!"

Nikampima shingoni, ncha zikakutana vizuri tu. Muuzaji akapiga makofi, akasema dada utaua mtu. Nami nikazidi kumvisha kilemba cha ukoka, kwamba jinzi ndiyo suruali ya mlima, ngumu, miiba haipiti. Binti akaing'ang'ania kifuani.

"Nisijaribu kuivaa kidogo, dada?"

"Ya nini? Shingo haidanganyi."

Alinishukuru mpaka kituoni. Nami nilikuwa nikiitikia.

Usiku wa kuamkia safari ya mlimani mvua ilinyesha Morogoro nzima. Asubuhi nyasi zimelala kwa maji, njia utelezi mtupu. Tulipofika kwenye kijito cha kwanza mie nikakunja suruali yangu, nikafunga vifungo, nikavuka. Mgeni akajaribu kukunja jinzi yake, haikupita kifundo cha mguu. Akavuka nayo hivyohivyo. Baada ya hapo ikawa mbichi mpaka mapajani, nzito, inamsugua kila hatua. Hakulalamika. Alitembea miguu imeachana, midomo kaiuma, na tulipofika kwenye mawe ya kupanda, mguu ukakataa kunyanyuka. Goti lilifika nusu likagoma. Akajaribu tena, machozi yakamtoka.

Shoga yangu akamkalisha chini, akapandisha ncha ya suruali, ikagoma. Akamtazama usoni.

"Nani kakuchagulia hii?"

Mgeni aliniangalia mara moja tu.

"Nilichagua mwenyewe," akasema. "Niliipenda."

"Sokoni ulichutama nayo?"

"Kuchutama?" Binti wa watu akashangaa kweli. "Hapana. Kwani kuna kuchutama?"

Shoga yangu akageuka polepole. Miaka kumi na mbili namjua, na jicho lile sikuwahi kuliona. Nikainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Akatoa khanga kwenye mkoba, akamwambia mgeni aende nyuma ya kichaka avue ile jinzi. Mapaja yalikuwa yamechubuka, ngozi nyekundu.

"Sie tunashuka," akasema.

"Ngoja nishuke nanyi, shoga."

"Wewe panda. Una suruali ya kupandia."

Wakashuka wameshikana mikono. Mie nikapanda. Mpaka tunafika juu suruali yangu ilikuwa imeshakauka, na wenzangu wakaisifia, wakauliza kama nitawapeleka Tandika nao. Nikasema tutaangalia.

Shule zilipofunguliwa hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kushika. Alinisalimia vizuri, kama anavyomsalimia mwalimu mkuu. Saa ya chai kopo la chapati lilifunguliwa upande ule mwingine wa meza, na mie nikajitia nasahihisha madaftari.

Jumamosi iliyofuata nikaenda sokoni peke yangu. Nilikuwa na wazo la kumtafutia yule binti suruali nzuri, nimwombe radhi. Niliwaona kabla sijafika kwa muuzaji wetu. Shoga yangu, ambaye hakuwahi kujichagulia hata moja, ameshika suruali mkononi. Akafunga kifungo, akaizungusha shingoni mwa mgeni, akazitazama ncha zilivyokutana kisogoni, taratibu, bila kuvuta, sawasawa na nilivyomfundisha. Kisha akamshikia khanga.

"Chutama," akamwambia. "Haya, nyanyua goti. Juu zaidi!"

Mgeni akamshika bega, wote wawili wakaangua kicheko.

"Dada, wewe unachagua au unashangaa?" muuzaji wa jirani akaniuliza.

"Nashangaa tu," nikamjibu.