Ukucha Kwenye Gome

Juzi, nyumbani kwa binti yangu Wairimu huko ughaibuni, Al Wakrah, Okello mtunza bustani alikwaruza kwa ukucha shina la haibiskasi lililopukutishwa majani na baridi. Nikamkumbuka baba, aliyetunza mawaridi ya mzungu kule Kinangop. Alasiri moja, jalidi ilipokwisha kuyaunguza, alikwaruza shina jeusi hivyo hivyo.

“Wanjiku mama, ona kijani. Mti huu ungali hai.”

Nikakimbia nyumbani. Mdogo wangu Kamau alikuwa amelala na homa, chumba kikinuka majani ya mkaratusi yaliyochemshwa. Nikamkwaruza mguu, nikatazama sana.

“Mama, Kamau hana kijani!”

“Wacha mchezo wewe, mwache mtoto alale.”

Siku hizi najua mtu hana kijani. Ambacho sikukiona alasiri ile ni kwamba Kamau hakuuvuta mguu nilipomkwaruza.