Redio ya Jumamosi

Juzi nilirudi kwetu Pasiansi, kando ya ziwa, kumwona mama. Nimekaa, nimepewa chai, taarifa ya habari inaanza, mama ananiambia, "Mwanangu, hebu ongeza sauti." Mkono ukagoma. Mwanamke mzima mimi, nina watoto wanaoniogopa, nikashindwa kuzungusha kitufe cha redio! Ngoja nikusimulie.

Miaka ile ya tisini kiwanda alichofanyia kazi baba kilibinafsishwa, baba akapunguzwa. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabakiwa na mapanki, yaani vichwa na mifupa yake, mama akiyakaanga na kuyauza barazani. Kila kitu kilinuka mafuta ya samaki, hata daftari langu. Kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kuanika betri za redio juu ya jabali nyuma ya nyumba, kando ya dagaa, zipate nguvu kidogo. Usicheke, hata kwenu mlianika.

Nilikuwa kidato cha tatu. Riwaya tuliyosoma ilikuwa na nakala tatu kwa darasa zima, kwa hiyo dhamira tulizikariri kabla ya kukisoma kitabu chenyewe. Mwalimu akiuliza, tunaitikia kama kwaya: "Nafasi ya mwanamke katika jamii!" Ukimwuliza mtu nafasi yenyewe ni ipi, anakutolea macho. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mkali, jamani, na fimbo yake ya mpera haikupumzika. Siku moja akauliza, "Kabla ya mtu yeyote kuumizwa humu kitabuni, ni kitu gani kinajirudia?" Tukabahatisha, tukakosa. Tukachapwa safu kwa safu, viganja vikavimba, mwenzangu mmoja akavuja damu kwenye kucha. Ndipo akatuambia: mlango. Kila mara, kabla ya kipigo, kuna mtu anafunga mlango. "Mwandishi harudii kitu bure," alisema. "Ukiona kitu kinarudi, tazama kinafuatana na nini. Hiyo ndiyo motifu, na ndiyo itakayokupeleka kwenye dhamira."

Nilirudi nyumbani mikono inawaka moto, na njiani akili ikafunguka. Kwetu haikuwa mlango, ilikuwa redio. Kila Jumamosi jioni baba akitoka kwenye pombe aliiongeza sauti mpaka mwisho, vikombe vikatikisika, kisha akavua mkanda. Kipigo nilikijua, ila sikuwahi kukiunganisha na muziki. Jirani yetu, mama mmoja muuza maandazi, alizoea kunitania, "Nyie kwenu raha tu, kila Jumamosi dansi!" Wala hakuwa na ubaya. Mayowe ya mama hayakumfikia.

Jumamosi iliyofuata nilizianua betri mapema, nikazifukia ndani ya debe la unga. Baba akazungusha kitufe. Kimya. Akazungusha tena. "Nani kachukua betri?" Nilijua bila redio hatathubutu, maana majirani watasikia. Lo, nilikosea! Alimkamata mama nywele akampigiza kichwa ukutani upande wa kushoto, mara ya kwanza, mara ya pili, damu ikatoka sikioni. Na mama yangu, badala ya kulia, akajiziba mdomo kwa kanga ili watu wasisikie. Aibu ya baba alikuwa akiificha yeye! Hapo ndipo nilipoiona ile nafasi tuliyokuwa tukiiimba darasani, na nilipandwa na hasira. Nikapiga yowe. Baba akanigeukia, chuma cha mkanda kikanipasua juu ya jicho. Sikunyamaza.

Jirani aliingia na mwiko mkononi, nyuma yake mumewe na wanaume wengine wawili. Kabla hajauliza neno alimtandika baba mwiko wa uso. Baba, damu zikimtoka puani, akasema, "Haya ni mambo ya ndani."

"Yalikuwa ya ndani redio ikiimba," jirani akamjibu. "Leo tumeyasikia."

Wakamburuta nje. Hakumgusa mama tena. Mwaka uliofuata alikwenda visiwani kuvua, akafia hukohuko, nami sikulia.

Siku hizi hakuna anayeanika betri. Jabali letu limepasuliwa kokoto, jirani tumeshamzika, na mwalimu sijui yuko wapi. Kwenye mtihani, swali lake la motifu niliongoza darasa, wala sikumwambia nilikosomea. Ila sikio la kushoto la mama halikupona, halisikii tena. Mara nyingi najiuliza: ningeziacha betri zile juani, si lingekuwa zima? Siku moja nilimwuliza. Akanisonya. "Acha ujinga. Ningekuwa kaburini na masikio yangu mawili."

Basi juzi akarudia, "Ongeza."

"Siwezi, mama."

Alinitazama, akanitazama kovu juu ya jicho, akaelewa. Nikahamisha kigoda changu upande wake wa kulia, nikaanza kumsimulia habari moja baada ya nyingine: bei ya pamba, mvua, ajali.

"Sikusikii," akasema, anacheka. "Paza sauti. Mbona siku ile uliweza?"